Mashine ya kukimbilia haikuoni: Yanayotokea ndani yake unapobonyeza kitufe

IWAPO umewahi kuingia katika jumba la mazoezi jijini Nairobi au Mombasa alfajiri, kabla watu hawajaelekea kazini, bila shaka umeona watu wakingojea zamu zao kwenye mashine za kukimbilia, ambazo wengi huziita tredimili. Mtu hupanda, hubonyeza kitufe, mkanda huanza kwenda chini ya miguu yake, naye hutembea au kukimbia bila kutoka mahali pamoja. Siku hizi mashine hizi zimo hata majumbani, pembeni mwa sebule au kwenye roshani, hasa pale daktari anapomwambia mwenye nyumba kwamba presha au sukari yake imepanda.

Wengi wa wanaozitumia hawajui kinachoendelea kati ya soketi iliyo ukutani na mkanda ule unaokwenda. Huenda ukauliza, kuna haja gani ya kujua? Haja ipo. Watu wengi hudhani kwamba mashine hii inawaona. Hudhani itatambua kwamba wameanguka, kwamba mtoto amesogea karibu, au kwamba moyo umechoka. Ukweli ni kwamba nyingi za mashine hizi ni vipofu. Zinajua mambo machache tu, nazo huyajua kupitia kwa nyaya na sumaku. Ukiyafahamu hayo machache, utafahamu pia yale mengi ambayo umeachiwa wewe mwenyewe uyaangalie.

Stima hugawanywa njia mbili

Stima inayofika nyumbani hapa Kenya ni ya volti 240, nayo hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde, huku ikienda mbele na kurudi nyuma. Hupitia kwenye plagi ya miguu mitatu ambayo ndani yake mna fyuzi, kisha hufika kwenye swichi kubwa ambayo kwa kawaida huwa upande wa mbele wa mashine, karibu na sakafu. Katika mashine nyingi, kando ya swichi hiyo pana kitufe kidogo kinachoruka chenyewe na kukata stima iwapo mashine inavuta nguvu kupita kiasi.

Unapowasha swichi hiyo, mota bado haijapata kitu. Chini ya kifuniko cha mbele mna bodi ya umeme, nayo ndiyo inayoigawa stima njia mbili.

Njia ya kwanza ni ndogo. Hapa stima hushushwa hadi volti chache, mara nyingi 12 hivi, na kupelekwa juu kwa nyaya nyembamba hadi kwenye kompyuta ndogo na skrini iliyo mbele ya uso wako. Hii ndiyo sababu unaona taa zikiwaka na kusikia mlio mfupi huku mkanda ukiwa umetulia tuli. Stima ya nguvu ndogo hutumiwa huku juu kwa sababu vidole vinavyobonyeza vitufe huwa vimelowa jasho.

Njia ya pili ndiyo yenye nguvu. Katika mashine nyingi za nyumbani, stima ya volti 240 hupitishwa kwenye kifaa kinachoigeuza iende upande mmoja tu, kama ile ya betri, kisha huhifadhiwa katika kapasita, ambazo huonekana kama vikopo vidogo na hufanya kazi kama tangi la maji. Humo ndani volti huweza kufika karibu 340, kwa kuwa kilele cha wimbi la stima kiko juu zaidi ya kile kipimo cha 240 tulichozoea kukisikia.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kwa yule anayependa kufungua vitu. Hata ukichomoa plagi, stima hiyo inaweza kubaki ndani ya kapasita kwa dakika kadhaa, na inatosha kumuua mtu. Kifuniko cha mbele kifunguliwe na fundi anayejua kungoja na kupima kabla hajagusa.

Kompyuta huuliza kwanza

Kabla ya mkanda kusogea hata sentimita moja, kompyuta iliyo juu na bodi iliyo chini huzungumza kwa ishara za umeme kupitia nyaya zinazopanda ndani ya nguzo ya mashine. Kompyuta huuliza: bodi ya chini, upo? Bodi hujibu kwamba ipo. Nyaya hizo zikilegea au kukatika, kwa mfano wakati mashine inapokunjwa na kuhamishwa, mazungumzo hayo hukatika na badala ya kuanza, skrini huandika herufi na nambari ya hitilafu. Maana ya nambari hizo hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, hivyo usikisie. Tazama kijitabu cha mashine yako.

Swali la pili ni kuhusu ufunguo wa usalama. Huu ni kile kipande kidogo, aghalabu chekundu, chenye kamba na kibanio. Si ufunguo wa kuzungushwa kama wa mlango. Katika mashine nyingi ndani yake mna sumaku, na nyuma ya pale unapobandikwa pana swichi ndogo inayovutwa na sumaku hiyo. Sumaku ikiwepo, kompyuta hukubali kuanza. Sumaku ikiondoka, mota hukatiwa stima.

Tazama jinsi jambo hili lilivyo rahisi. Kibanio kikiwa kwenye nguo yako nawe ukateleza na kurudi nyuma, kamba itauvuta ufunguo, sumaku itaondoka na mkanda utasimama. Lakini ukiuacha ufunguo ukining'inia pale pale kwenye mashine, kama wengi wafanyavyo, kompyuta itaendelea kuamini kwamba mambo ni shwari hata kama wewe uko chini. Hiyo kamba ndiyo njia pekee ya mashine kujua kwamba umeanguka.

Mota huanza polepole

Baada ya majibu hayo kuridhisha, ukibonyeza kitufe cha kuanza, mashine nyingi huhesabu tatu, mbili, moja. Huenda ukasikia mlio mdogo kama wa swichi kutoka chini. Hapo ndipo njia ya nguvu inapofunguliwa kuelekea kwenye mota.

Mota haipewi stima yote kwa mpigo. Ingepewa hivyo, mkanda ungeruka na kukuangusha papo hapo. Badala yake, swichi ya elektroniki hufungua na kufunga njia ya stima kwa kasi kubwa, katika mashine nyingi za kisasa maelfu ya mara kila sekunde. Ikifungua kwa muda mfupi na kufunga kwa muda mrefu, mota hupata nguvu kidogo. Ikifungua kwa muda mrefu zaidi, mota hupata nguvu nyingi. Ni kama mtu anayefungua na kufunga bomba la maji upesi upesi: hakuna anayeona maji yakikatika, bali huona tu ndoo inajaa haraka au polepole.

Mota huzungusha mkanda mdogo wa mpira, huo nao huzungusha roli ya mbele, na roli ndiyo inayouvuta mkanda unaoukanyaga. Kwenye mashine nyingi, pembeni mwa roli au mota pamebandikwa sumaku, na karibu yake pana sensa inayohesabu kila mara sumaku hiyo inapopita. Chukua mfano wa roli yenye mzingo wa sentimita 15. Mkanda ukienda kilomita 10 kwa saa, roli hiyo huzunguka mara 18 au 19 kila sekunde. Kompyuta huhesabu mizunguko hiyo na kuilinganisha na kasi uliyoitaka.

Kazi hii haikomi. Kila mguu unapotua, uzito wako hukaza mkanda na kuupunguza kasi kidogo. Sensa hutoa habari, na bodi huongeza nguvu mara moja. Mguu ukiinuka, bodi hupunguza. Inafanya kama dereva wa matatu anayepanda kutoka Naivasha kuelekea Limuru: gari likianza kulemewa hukanyaga mafuta, likipata wepesi huinua mguu. Tofauti ni kwamba bodi hufanya hivyo kwa kila hatua unayopiga.

Na ikitokea sensa ikanyamaza? Mashine iliyoundwa vizuri haiendelei kuongeza nguvu gizani. Baada ya sekunde chache bila ishara, huikatia mota stima na kuandika hitilafu. Kwa hivyo, ukiona mashine inaanza kisha inasimama yenyewe baada ya hatua chache, usifikirie mara moja kwamba mota imekufa. Huenda ni sumaku iliyobanduka au sensa iliyosogea, kazi ambayo kwa kawaida haina gharama kubwa kwa fundi.

Nambari za skrini zisikudanganye

Wengi wanaofanya mazoezi ili kupunguza uzito hutazama zaidi nambari ya kalori. Ni vyema wajue kwamba mashine haipimi kalori. Inakisia. Huchukua kasi ya mkanda, mwinuko wa ubao na uzito ulioandikwa, kisha hufanya hesabu. Kama hukuandika uzito wako, hutumia uzito ambao kampuni iliamua.

Kwa kutumia hesabu ya kawaida ya wataalamu wa mazoezi, mtu mwenye kilo 70 anayetembea kilomita 5 kwa saa mahali tambarare kwa dakika 30 hutumia kalori 125 hivi. Mwinuko ukiwa asilimia 10 kwa kasi ile ile, hutumia takriban 280. Hata hivyo, hesabu hiyo hudhani kwamba mikono yako inaning'inia. Ukishikilia vyuma na kuegemea, unaubeba uzito wako kwa mikono, miguu inafanya kazi ndogo, lakini skrini haijui. Itakusifu bure.

Nambari ya mapigo ya moyo nayo ina mambo yake. Vile vyuma vya kushika kwa mikono hutafuta umeme mdogo mno unaotoka kwenye moyo, ambao kwenye ngozi hauzidi sana milivolti moja. Misuli ya mikono nayo hutoa umeme, na kutikisika kwa kukimbia huivuruga ishara hiyo. Kwa hivyo, nambari unayoiona ukikimbia inaweza kuwa mbali na ukweli. Mshipi unaofungwa kifuani husoma vizuri zaidi. Mtu mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo ndani ya kifua amwulize daktari wake kabla ya kutumia vyombo hivi. Vile vile, baadhi ya dawa za presha hupunguza mapigo ya moyo, na anayezimeza huenda akaona nambari ndogo huku mwili umechoka sana.

Hospitalini kuna jicho la mtu

Huenda ukasema, mbona madaktari nao huwapandisha wagonjwa wa moyo kwenye mashine hii? Ni kweli. Daktari Robert Bruce wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, ndiye aliyeanzisha utaratibu ambao hadi leo hutumika sana. Mgonjwa huanza kwa kilomita 2.7 hivi kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10. Kila baada ya dakika tatu kasi na mwinuko huongezwa. Katika hatua ya pili kasi huwa kilomita 4 kwa mwinuko wa asilimia 12, na katika ya tatu kilomita 5.5 kwa asilimia 14.

Lakini angalia tofauti. Hospitalini mgonjwa hubandikwa nyaya kifuani zinazochora umeme wa moyo wakati wote, presha hupimwa, na mhudumu husimama kando akitazama uso wake huku akiwa tayari kuisimamisha mashine. Wanaomlinda mgonjwa ni wale wahudumu na michoro yao. Nyumbani hakuna wa kukusimamia. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika ni ishara ambazo skrini haitaziandika. Ukizipata, simamisha mashine na utafute daktari. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha au kisukari, na yule ambaye amekaa miaka mingi bila mazoezi, amwone daktari kabla ya kuanza.

Watoto wako hatarini zaidi

Mwezi wa Mei 2021 kampuni ya Peloton ya Marekani ilirudisha mashine zake za Tread+ zipatazo 125,000. Hii ilikuwa baada ya tume ya serikali ya nchi hiyo inayosimamia usalama wa bidhaa kutangaza kwamba mtoto mmoja alikuwa amefariki na kwamba kulikuwa na ripoti nyingi za watu, wanyama wa nyumbani na vitu kuvutwa chini ya sehemu ya nyuma ya mashine hiyo. Baadaye kampuni iliongeza programu inayoifunga mashine hadi nambari ya siri iingizwe.

Funzo si la mashine moja tu. Kwa ile kompyuta, mkono wa mtoto unaovutwa na mguu wa mtu mzima unaotua ni kitu kimoja: mzigo. Na kama tulivyoona, bodi ikihisi mzigo huongeza nguvu. Mkanda unaokwenda kilomita 10 kwa saa hupita karibu mita 3 kila sekunde, na msuguano wake huchoma ngozi ya mtoto kama moto. Kwa hivyo, mashine isitumike mtoto mdogo akiwa chumbani bila mtu wa kumshika. Ukimaliza, toa ufunguo wa usalama uuweke mahali pa juu, zima swichi ya chini na uchomoe plagi. Kamba ya ufunguo nayo isiachwe ikining'inia, kwani inaweza kumnyonga mtoto.

Stima yetu na mashine zetu

Stima ikipotea ghafla ukiwa unakimbia, mota hukosa nguvu na mkanda hupunguza kasi hadi usimame. Shika vyuma na ukanyage pembeni, hasa ikiwa ubao umeinuka, kwa sababu uzito wako unaweza kuendelea kuusukuma mkanda nyuma. Stima ikirudi, mashine nyingi hazianzi zenyewe. Kompyuta huwaka upya na kungoja ubonyeze kitufe. Hata hivyo, chomoa plagi punde stima inapopotea. Mara nyingi stima hurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho huunguza bodi.

Tahadhari nyingine ni kuhusu mashine zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani. Huko stima ya nyumbani ni ya volti 120. Mashine ya huko ikichomekwa kwenye soketi ya Kenya, kapasita zake hupokea volti maradufu na zinaweza kupasuka mara moja. Soma kibandiko kilicho karibu na swichi kabla ya kuichomeka. Ikiwa imeandikwa 120 peke yake, itahitaji transfoma ya kushusha stima, na iwe kubwa kuliko mahitaji ya mota. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746, hivyo mota ya farasi wawili huhitaji karibu wati 1,500, bila kuhesabu ile nguvu ya ziada ya wakati wa kuanza.

Usitumie ekstensheni nyembamba inayogawana televisheni na jokofu. Chomeka mashine moja kwa moja ukutani, na uhakikishe kwamba ule mguu wa tatu wa plagi umeunganishwa na waya wa ardhini. Jasho, chuma na stima ni mchanganyiko mbaya, na waya huo ndio unaoipa stima njia ya kwenda ardhini badala ya kupitia mwilini mwako.

Mwisho ni mafuta. Kati ya mkanda na ubao, mashine nyingi huhitaji mafuta ya silikoni mara kwa mara kama kijitabu kinavyoelekeza. Usitie mafuta ya gari wala ya kupikia. Mkanda mkavu hukwama, sensa huona kasi imeshuka, bodi huongeza nguvu, mota hupata joto, na hatimaye bodi huungua. Mara nyingi bodi ghali huharibika kwa kukosa kichupa kidogo cha mafuta.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na kutembea kwenye mashine hii ni mojawapo ya njia nzuri za kuzitimiza, hasa kwa anayetoka kazini usiku. Ila kila siku ianze hivi: simama kwenye kingo mbili za pembeni, wala si juu ya mkanda. Bana kibanio kwenye nguo yako. Tazama nyuma uone kama kuna mtoto. Ndipo ubonyeze kitufe, ungoje mkanda uanze polepole, kisha ukanyage.